Rekodi nne za Goldberg Variations: uanze na ipi?

Mtu wa Nairobi anayetaka kuisikiliza Goldberg Variations, utunzi wa kinanda wa Mjerumani Johann Sebastian Bach, kwa mara ya kwanza, au anayeijua kupitia rekodi za zamani na sasa anatafuta mpya, akiandika jina hilo kwenye programu ya muziki ya simu yake ataletewa orodha ndefu ya wapigaji ambayo haimwambii lolote kuhusu tofauti zao. Kati ya zile zilizotoka kuanzia mwaka 2016 nimechagua nne: ya Mahan Esfahani (2016), ya Beatrice Rana (2017), ya Lang Lang (2020) na ya Víkingur Ólafsson (2023). Wote wanne wanaijua kazi yao barabara, kwa hiyo hatutafuti aliyekosea noti. Tunatafuta anayekufaa wewe, kwa sikio ulilo nalo, kwa vifaa ulivyo navyo na kwa muda unaoweza kuutenga.

Msimamo wangu nautoa mapema ili anayesoma kwa haraka asipotee: asiyeweza kuchukua zaidi ya moja achukue ya Ólafsson, anayeweza kuchukua mbili aongeze ya Esfahani, kwa sababu ndiyo pekee kati ya hizi inayopigwa kwa chombo ambacho Bach alikikusudia, anayejifunza piano akae na Rana, na ya Lang Lang, ambayo ina uzuri wa kweli lakini inadai subira nyingi, ije baada ya msikilizaji kuuzoea muziki wenyewe. Sababu zangu zinahitaji maelezo kidogo kuhusu jinsi utunzi huu ulivyojengwa, maana bila kuujua ujenzi huo ni vigumu kuona wapigaji hawa wanatofautiana wapi.

Utunzi ulichapishwa Nuremberg mwaka 1741, na ukurasa wake wa kwanza unaeleza kwamba umeandikiwa hapsikodi yenye kibodi mbili, moja juu ya nyingine. Hapsikodi ni kinanda cha zamani ambacho nyuzi zake huvutwa na kuachiwa badala ya kugongwa kwa nyundo kama za piano. Unaanza kwa aria, yaani kipande cha taratibu mfano wa wimbo, yenye vipimo 32 vya mapigo matatu matatu, kisha hufuata variesheni 30, vipande vifupi vinavyoligeuza wazo lile lile kila kimoja kwa namna yake, na mwishoni aria ile ile inarudi bila kubadilishwa noti hata moja. Wasikilizaji wengi hujaribu kuutafuta wimbo wa aria ndani ya variesheni na kuukosa, wakadhani wamepitwa na jambo. Hawajapitwa. Bach hakuendelea na wimbo wa juu. Alichukua besi na mfuatano wake wa vikodi, yaani noti zinazolia kwa pamoja, akajenga juu yake mara 30. Mwanakwaya yeyote wa sauti ya besi ataelewa hili upesi kuliko mwimbaji wa soprano, kwa kuwa amezoea kusimama pale ambapo wimbo wote unaegemea.

Kila variesheni ya tatu, tangu ya 3 hadi ya 27, ni kanoni: sauti moja inaanza, nyingine inaifuata kwa wimbo ule ule, kama tulivyoimba raundi shuleni. Ila hapa umbali kati ya sauti hizo mbili hukua hatua moja kila mara, kutoka noti ile ile hadi noti ya tisa. Variesheni tatu tu, ya 15, ya 21 na ya 25, ziko katika maina, mpangilio wa noti unaosikika wenye huzuni. Zilizobaki ni za meja, mpangilio wenye uchangamfu zaidi. Ya 16 inafungua nusu ya pili kwa mtindo wa ufunguzi wa Kifaransa, wenye mikogo na mdundo wa kukatika. Ya 30 inaunganisha nyimbo za mitaani za Ujerumani wa wakati ule, mmojawapo ukilalamikia kabichi na tanipu. Hadithi ya kwamba utunzi huu uliandikwa ili kumliwaza mkabaila Keyserlingk aliyekosa usingizi ilitolewa na mwandishi Forkel mwaka 1802, zaidi ya miaka 60 baada ya uchapishaji. Chapa ya 1741 haimtaji mkabaila huyo, na kijana Goldberg, anayesemekana ndiye aliyempigia, alikuwa na umri wa miaka 14 hivi. Nalitaja hili kwa sababu wengi huweka rekodi hizi kama muziki wa kulalia, na anayezitafuta kwa lengo hilo atashtuliwa na variesheni ya 29 katika rekodi yoyote kati ya hizi nne.

Kipimo ambacho kila mpigaji wa piano hupimwa nacho bado ni Glenn Gould, Mkanada aliyeurekodi utunzi huu New York mwaka 1955 akiwa na umri wa miaka 22, kwa takriban dakika 38, kisha akaurekodi tena katika studio ile ile mwaka 1981, kwa takriban dakika 51. Tofauti hiyo ya muda ina sababu mbili. Ya kwanza ni kasi. Ya pili ni marudio: Bach aliandika kwamba kila nusu ya kila variesheni irudiwe, na Gould aliyaacha marudio hayo mwaka 1955, akarejesha baadhi tu mwaka 1981. Anayetoka kwa Gould na kuingia katika rekodi mpya hushangaa kwamba utunzi umekuwa mrefu hivi. Ajue kuwa mara nyingi anachokisikia ni mpigaji kutii maandishi.

Ólafsson na Lang Lang wote wawili wanapiga marudio, na bado rekodi ya kwanza inachukua takriban dakika 74 ilhali ya pili, ile ya studio, inapita dakika 90. Noti ni zile zile, kwa hiyo zaidi ya robo saa inayozitenganisha imetokana hasa na kasi. Hapo ndipo ulinganisho wa haki unapoanzia.

Ólafsson alizaliwa Iceland mwaka 1984 na ameirekodi albamu hii kwa kampuni ya Deutsche Grammophon. Ilitoka Oktoba 2023, naye akautumia msimu mzima wa 2023 na 2024 kuzunguka dunia akipiga utunzi huu mmoja. Mwaka 2025 rekodi hiyo ilishinda tuzo ya Grammy ya mpigaji pekee wa muziki wa klasiki. Tuzo si hoja, lakini katika jambo hili nakubaliana na waliompa. Kinachomtofautisha ni namna anavyozitenga sauti. Chukua variesheni ya 1: mkono wa kulia unaruka, mkono wa kushoto unaruka, na kwa wapigaji wengi mkono wa kushoto huishia kuwa mshindilio wa chini. Kwake unasikia watu wawili wanaozungumza kwa adabu, kila mmoja akimaliza sentensi yake. Nusu inaporudiwa hairudii kama ilivyokuwa. Sauti ya katikati iliyokuwa imejificha inasogezwa mbele kidogo, na ghafla unatambua kwamba kulikuwa na wimbo mwingine mle ndani tangu mwanzo. Jambo hili ni la thamani kubwa kwa msikilizaji mpya, kwa sababu marudio yanageuka kuwa somo badala ya kuwa kungoja.

Katika variesheni za mikono kupishana, kama ya 5, ya 14, ya 20 na ya 26, kuna tatizo la kimwili linalofaa kufahamika. Bach aliziandikia kibodi mbili, ingawa ya 5 aliruhusu ipigwe hata kwa moja, mkono mmoja ukipita juu ya mwingine bila kugusana. Kwenye piano kibodi ni moja, kwa hiyo mikono inagombania nafasi ile ile, kidole kimoja kikilazimika kuondoka sekunde ile ile ambayo kingine kinataka kutua. Ólafsson anazipiga kwa kasi kubwa na huwezi kuusikia ugomvi huo hata kidogo. Hapa pia ndipo nina lawama yangu kwake: usafi huo wakati mwingine unazidi, na variesheni zenye asili ya ngoma, kama ya 7 na ya 19, zinapita zikiwa zimepigwa pasi vizuri mno, pasipo ule uzito wa mguu unaotua sakafuni. Ni lawama ndogo. Anapofika kwenye ya 25, ile ndefu ya maina ambayo mpigaji Wanda Landowska aliiita lulu nyeusi, anaipa nafasi pana bila kuiachilia besi, na msikilizaji anaweza kuzifuata hatua za chini zikishuka moja baada ya nyingine huku wimbo wa juu ukilia.

Lang Lang, aliyezaliwa Shenyang nchini China mwaka 1982, alitoa rekodi mbili kwa pamoja mwaka 2020, pia kwa Deutsche Grammophon: moja ya studio iliyofanyiwa Berlin, na nyingine ya tamasha lililofanyika Machi 2020 katika kanisa la Mtakatifu Thomas mjini Leipzig, kanisa ambalo Bach alilitumikia tangu 1723 hadi kifo chake mwaka 1750 na ambamo mifupa yake imelazwa. Kabla ya kuurekodi alijinoa kwa Andreas Staier, mtaalamu wa vinanda vya kale, na matunda yake yanasikika katika mapambo anayoongeza wakati wa marudio, ambayo ni mengi, yana ubunifu, na mara nyingine yanapendeza sana. Sauti ya piano yake ni nzuri kupita kiasi. Anapopiga pole unaona jinsi kila noti ilivyochaguliwa rangi yake.

Shida yangu ni kwamba anakaa juu ya kila jambo. Aria inasimama mwishoni mwa karibu kila kifungu kuvuta pumzi. Variesheni ya 25 inazidi dakika 10, na katika mwendo huo besi, ambayo ndiyo nguzo ya jengo zima, inatengana kiasi kwamba sikio haliwezi tena kuunganisha noti moja na inayofuata. Unabaki na wimbo mzuri unaoelea. Wako watakaosema kwamba wimbo mzuri unaoelea kwa dakika 10 ni zawadi tosha, na siwezi kuwabishia wakiwa wameketi nyumbani usiku, taa zimezimwa, hawana haraka. Ila kwa anayetaka kuuelewa utunzi huu umeshikana vipi, rekodi hii inauficha mshikamano huo. Kati ya matoleo yake mawili naipendelea ile ya Leipzig, kwa sababu mbele ya watu hapakuwa na nafasi ya kukata na kuunganisha, na safari kutoka aria hadi aria inasikika kuwa safari moja. Mtindo lakini ni ule ule; asiyeipenda ya Berlin hataongolewa na ya Leipzig.

Esfahani anatuhamisha mahali pengine kabisa. Alizaliwa Tehran mwaka 1984, na kama hao wawili, alirekodi kwa Deutsche Grammophon. Hapsikodi haiwezi kupaza wala kushusha sauti kwa nguvu ya kidole. Ukiigusa kwa upole au kwa hasira, uzi unalia kwa ukubwa ule ule. Mpigaji wake anabaki na silaha chache: muda, mapambo, urefu wa noti, na uchaguzi wa kibodi. Esfahani anazitumia zote kwa ujasiri. Anachelewesha noti muhimu kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, na sikio, kwa kuwa limengoja, linaisikia kana kwamba imepigwa kwa nguvu zaidi. Anavunja vikodi kutoka chini kwenda juu, mara kwa upesi, mara kwa uvivu, na tofauti hiyo inafanya kazi ambayo kwenye piano ingefanywa na ukubwa wa sauti. Wapo wanaouona uhuru wake kuwa umezidi. Mimi naona kwamba chombo kisicho na pole wala kishindo kinahitaji mtu wa namna hiyo, vinginevyo saa nzima na zaidi ya hapsikodi huwa kazi ngumu.

Faida kubwa ya rekodi yake ni variesheni zile za mikono kupishana. Kibodi mbili za hapsikodi zina rangi mbili za sauti, kwa hiyo mikono inapovukana huna haja ya kujitahidi kuitofautisha. Kila mkono una koo lake. Baada ya kuisikiliza ya 14 kwa Esfahani, rudi kwa Ólafsson, na utafahamu kile ambacho mpiga piano anahangaika kukiiga kwa chombo kimoja. Ndiyo maana nazipendekeza hizi mbili pamoja. Lang Lang na Ólafsson wakiwekwa sambamba wanakuonyesha ladha mbili. Esfahani na Ólafsson wanakuonyesha utunzi.

Beatrice Rana nitamzungumzia kwa ufupi, na ufupi huo usichukuliwe kuwa dharau. Ni Mwitaliano aliyezaliwa mwaka 1993, na albamu yake ilitolewa na Warner Classics mwaka 2017. Hana kasi ya kustaajabisha ya Ólafsson wala mivuto ya Lang Lang. Anaimba. Noti zake zinashikana, ngoma zake zina mwendo ambao mwili unaukubali, na kanoni zake zinaeleweka kwa mara ya kwanza kabisa, kwa sababu sauti inayofuata inapewa umbo lile lile la sauti iliyotangulia. Mwanafunzi anayejiandaa kwa mitihani ya ABRSM, bodi ya Uingereza ya mitihani ya muziki, hapa mjini, pengine akiwa na kipande cha Bach mezani, atanufaika na Rana kuliko wengine wote watatu, kwa kuwa anachokifanya kinaweza kuigwa na mtu wa kawaida mwenye bidii. Kumuiga Ólafsson katika variesheni ya 5 ni kujitafutia maumivu ya kifundo cha mkono, na kumuiga Lang Lang katika aria ni kumkasirisha mtahini.

Sasa tuje kwenye mazingira, ambayo katika jiji hili yana uzito kuliko wakosoaji wa ng'ambo wanavyodhani. Anayesikiliza ndani ya matatu kwenye Thika Road au Waiyaki Way, akiwa na spika za masikioni za bei nafuu, hatazisikia sehemu za pole za Lang Lang. Zitamezwa na injini, naye atapandisha sauti, kisha variesheni ya kishindo imuumize masikio. Ólafsson anastahimili vizuri zaidi kwa sababu hata anapopiga pole kila noti ina ukingo wake. Hapsikodi, kwa kuwa sauti yake haipandi wala kushuka, haimezwi na kelele za barabara, lakini spika duni huifanya iwe kali na ya kuchosha baada ya nusu saa. Esfahani anahitaji vifaa vizuri au, kwa uchache, kupunguziwa sauti za juu kwenye mpangilio wa simu. Rana yuko katikati. Kwa anayesikiliza nyumbani katika ghorofa yenye kuta nyembamba, naona mpangilio unageuka: usiku Lang Lang hamsumbui jirani, na hapsikodi kwa sauti ya chini inapendeza kuliko piano kwa sauti ya chini, kwa sababu mwanzo wa kila noti unabaki wazi.

Kuna suala la bando pia. Kwa ubora wa kilobiti 320 kwa sekunde, kila dakika ya muziki inakula takriban megabaiti 2.4, kwa hiyo Ólafsson mzima atakugharimu karibu megabaiti 180 na Lang Lang wa studio karibu 220. Ukishusha ubora hadi kilobiti 96, Ólafsson anafika megabaiti 53 hivi. Kwa piano hasara yake inavumilika. Kwa hapsikodi, yenye sauti nyingi za juu zinazometameta, hasara inasikika mara moja, na sipendekezi kumsikiliza Esfahani namna hiyo. Ni afadhali kupakua albamu nzima ukiwa kwenye waifai kisha uisikilize bila mtandao. Huduma za bure zinazoingiza matangazo kati ya nyimbo zinauvunja utunzi huu vibaya, maana umegawanywa katika nyimbo 32, na tangazo likiingia kati ya variesheni ya 29 na ya 30 linakata kilele chenyewe. Anayetumia huduma za kulipia naye ahakikishe kitufe cha kuchanganya nyimbo kimezimwa, kwa sababu kanoni zinazopanuka hatua kwa hatua hazina maana zikipangwa ovyo. CD za namna hii si rahisi kuzipata madukani hapa na huagizwa. Anayeagiza ajue kwamba ya Lang Lang ya studio haienei kwenye CD moja, na hilo linaongeza bei.

Kwa mpiga kinanda wa kanisani, na najua Nairobi inao wengi, kuna neno moja zaidi. Mtu huyu amezoea kuandamana na waimbaji, na sikio lake liko kwenye besi na kwenye pumzi. Namshauri asianze na aria. Aanze na variesheni ya 10, ambayo ni fugeta ya sauti nne zinazoingia moja baada ya nyingine kuanzia chini, aisikilize kwa Rana kwanza kisha kwa Esfahani, na atazame jinsi kila mmoja anavyoitangaza sauti mpya inapoingia: Rana kwa kuipa uzito kidogo kwenye kidole, Esfahani kwa kuipa nafasi ndogo mbele yake. Mbinu ya pili inaweza kutumika Jumapili ijayo kwenye kinanda cha umeme kisichojali nguvu ya kidole.

Aliyebaki na shaka baada ya haya yote afanye jaribio la dakika chache kabla ya kulipia chochote. Achukue variesheni ya 25, asikilize nusu ya kwanza pekee, bila marudio, kwa Ólafsson na kisha kwa Lang Lang, akiwa ameketi mahali patulivu na akiimba besi kimoyomoyo. Akiweza kuishikilia besi hadi mwisho wa nusu hiyo kwa Lang Lang bila kuipoteza, sikio lake ni la subira kuliko langu, na aichukue ile ya Leipzig bila wasiwasi.